Maiti Wasio na Majina: Vinasaba, Nasaba na Kesi Zilizokwama

Kutambua maiti kwa vinasaba na nasaba ni kazi ya kumtafutia jina mtu aliyekufa bila kujulikana kwa kuwafuata jamaa zake wa mbali, watu ambao kwa kawaida hawakuwahi hata kusikia kwamba aliishi. Njia hii ilianza kuleta matokeo mwaka 2018 nchini Marekani, na huko ndiko ilikokomaa kuliko kwingine kokote. Sababu ni mbili. Kwanza, maiti wasiojulikana huko ni wengi: Taasisi ya Taifa ya Haki ya nchi hiyo imekadiria kwamba kila mwaka hupatikana miili 4,400 hivi isiyo na jina, na kwamba mwaka mmoja baadaye 1,000 kati yake huwa bado haijatambuliwa. Pili, mamilioni ya Wamarekani wamejipima vinasaba kwa pesa zao wenyewe, si kwa kesi wala ugonjwa, bali kwa hamu ya kujua wazee wao walitoka wapi.

Njia za zamani za kutambua maiti zote zina upungufu wa aina moja. Alama za vidole zinafaa ikiwa marehemu aliwahi kuchukuliwa alama akiwa hai na alama hizo zimehifadhiwa mahali. Meno yanafaa ikiwa kuna daktari mwenye picha zake, na mpelelezi anajua amwendee daktari yupi. Picha ya uso iliyochorwa kutokana na fuvu inafaa ikiwa ndugu au jirani ataiona na kuikumbuka sura. Kila mara lazima kuwe na kumbukumbu ya marehemu mahali, au mtu anayemfahamu, ndipo jibu lipatikane.

Hata vinasaba vilipoanza kutumiwa na polisi, kikwazo hicho hakikuondoka. Hifadhi ya FBI iitwayo CODIS husoma sehemu chache tu za vinasaba ambamo vipande vifupi hujirudia. Zilikuwa 13, na tangu mwaka 2017 ni 20. Idadi hiyo inatosha kabisa kuonyesha kwamba damu hii na ile ni za mtu mmoja, au kwamba huyu ni mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja wa yule. Ukivuka hapo, alama 20 hazina mengi ya kusema. Kwa hiyo maiti ambaye wazazi na ndugu zake hawajawahi kutoa sampuli kwa polisi, pengine kwa sababu hawajui kama amekufa, hubaki nambari tu katika jalada.

Kesi iliyobadilisha hali hiyo ni ya msichana mmoja wa Ohio. Tarehe 24 Aprili 1981 mwili wake ulikutwa mtaroni, kando ya barabara ya shamba katika wilaya ya Miami. Alikuwa na nywele nyekundunyekundu zilizosukwa, hana viatu, amevaa koti la ngozi lenye mashada ya nyuzi. Kwa ajili ya koti hilo akaitwa Buckskin Girl, yaani Msichana wa Ngozi ya Paa, na jina hilo la kubandikwa lilidumu miaka 37. Alama za vidole vyake zilitafutwa bila kupata za kulingana nazo. Uso wake ulichorwa mara kadhaa. Chavua iliyonasa kwenye nguo zake ilichunguzwa ili kukisia alipita wapi kabla ya kufa. Kilichomwokoa ni damu yake iliyokuwa imewekwa kabatini tangu 1981, bila friji. Aprili 2018 polisi walitangaza kwamba aliitwa Marcia King, wa Arkansas, na kwamba alikuwa na miaka 21.

Kazi hiyo ilifanywa na shirika la wanaojitolea, DNA Doe Project, lililoanzishwa mwaka mmoja kabla na wanawake wawili: Margaret Press, mwanaisimu aliyeandika pia riwaya za upelelezi, na Colleen Fitzpatrick, mwanafizikia aliyegeukia utafiti wa nasaba. Maabara ilihangaika kwa miezi kuisoma damu ile iliyochakaa. Lakini matokeo yalipowekwa katika GEDmatch, hifadhi ya mtandaoni ambako watu hupakia vinasaba vyao wenyewe, jina lilipatikana kwa muda wa saa nne hivi, kwa kuwa miongoni mwa waliojipima alikuwamo binamu aliyepishana na marehemu kizazi kimoja tu. Bahati ya namna hiyo ni adimu. Siku chache baadaye, tarehe 24 Aprili 2018, polisi wa California walimkamata Joseph James DeAngelo, muuaji na mbakaji aliyesakwa kwa miongo minne, aliyepatikana kwa njia iyo hiyo. Habari za muuaji zikaenea dunia nzima na za yule msichana zikazimwa, na hadi leo wengi hudhani ufundi huu uliletwa ili kuwasaka wahalifu. Aliyetangulia kutambuliwa ni marehemu.

Msingi wa kisayansi si mgumu. Kila mtu hupata nusu ya vinasaba vyake kwa baba na nusu kwa mama, na kila kizazi kinachopita hukata tena fungu lililotoka kwa mzee mmoja. Watoto wa ndugu wawili wa baba na mama mmoja hushirikiana, kwa wastani, asilimia 12.5 ya vinasaba. Wajukuu wa ndugu hao hushirikiana asilimia 3 hivi, na vitukuu vyao chini ya asilimia 1. Ili kuiona asilimia hiyo moja, alama 20 za polisi hazifai. Inabidi zisomwe sehemu laki kadhaa ambazo mtu na mtu hutofautiana kwa herufi moja tu ya vinasaba. Vipimo vya biashara husoma 600,000 au zaidi. Kompyuta hulinganisha watu wawili, ikitafuta vipande virefu vya kromosomu vinavyolingana mfululizo, kisha hujumlisha urefu wake kwa kipimo kiitwacho sentimogani. Mzazi na mtoto hushirikiana kiasi cha 3,500, watoto wa ndugu 870 hivi, wajukuu wa ndugu 230, na vitukuu vya ndugu 70 na ushei.

Takwimu hizo ni wastani, na hapo ndipo penye mitego. Sentimogani 870 zinaweza kumaanisha watoto wa ndugu, lakini pia zinaweza kumaanisha mtu na kaka wa mzazi wake, kaka aliyechangia na mzazi huyo mzazi mmoja tu, au mtu na mama wa bibi yake. Kadiri ujamaa unavyokwenda mbali ndivyo bahati inavyotawala zaidi: kati ya jozi kumi za vitukuu vya ndugu wawili, moja hivi haitakuwa na kipande chochote kinacholingana, ijapokuwa ujamaa wao ni wa kweli kabisa. Maabara, kwa maneno mengine, hutoa umbali bila kutoa njia.

Njia inapatikana katika karatasi. Mtafiti huanza na jamaa wa mbali aliyeonekana katika hifadhi, humtambua kwa jina, kisha hujenga ukoo wake kwenda juu: wazazi, mababu, wazazi wa mababu. Hufanya hivyo kwa jamaa wa pili, wa tatu, wa kumi, mpaka koo mbili zikutane kwa wazee wamoja. Yaelekea wazee hao ni wa marehemu pia. Halafu kazi hugeuka na kuanza kushuka: wazee hao walizaa nani, nao wakamzaa nani, mpaka kizazi kinacholingana na umri wa maiti. Mume na mke walioishi karne ya 19 wanaweza kuwa na vilembwe mia kadhaa, na hakuna wa kuwapitia wote kwa subira bila alama ya kumwongoza. Alama hiyo huwa ni ndoa. Ikiwa kundi moja la jamaa linaelekeza kwa familia fulani ya Tennessee na kundi jingine kwa familia ya Poland iliyohamia Michigan, mtafiti hutafuta mtu wa upande mmoja aliyeoana na mtu wa upande wa pili. Watoto wa ndoa hiyo ndio wachache duniani wenye damu ya pande zote mbili, na mmoja wao huenda akawa hana habari tena baada ya mwaka fulani: hana kitambulisho kipya, hana ndoa, hana nyumba, hana cheti cha kifo.

Wanaofanya kazi hii hutegemea vitu ambavyo havikutengenezwa kwa ajili yao. Sensa za Marekani hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 72. Ile ya 1950 ilifunguliwa Aprili 2022, na mara moja koo nyingi zilizokuwa zimekwamia 1940 zikapata kizazi kimoja zaidi. Matangazo ya vifo magazetini hutaja waliobaki nyuma kwa majina na miji wanakoishi, na pengine tangazo la mama huacha kumtaja mtoto mmoja, au humtaja kwamba hajulikani alipo. Vitabu vya picha za wanafunzi, orodha za abiria wa meli, hati za talaka, mawe ya makaburi: vyote hivyo huingia. Ndiyo maana miongoni mwa mafundi wa kazi hii kuna wastaafu, walimu na wakutubi, si wanakemia tu.

Kazi ya maabara nayo ina ugumu wake, hasa kwa mabaki ya zamani. Mfupa uliokaa ardhini miaka 40 hujaa bakteria na kuvu, na sampuli ikisomwa yote, sehemu kubwa ya kinachosomwa huwa si ya binadamu. Vinasaba vilivyobaki huwa vimekatikakatika vipande vifupi mno. Mahali panapohifadhi vizuri ni mfupa mgumu ulio nyuma ya sikio, unaofunika sikio la ndani, na mizizi ya meno. Dawa za kuhifadhia maiti, hasa fomalini, huharibu zaidi kuliko udongo. Kwa muda mrefu nywele zisizo na mizizi zilidhaniwa hazina faida kwa kazi hii. Ed Green wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, ndiye aliyeonyesha kwamba hata shina la unywele huwa na vipande vya kutosha, mradi yapatikane mitambo ya kuvisoma vifupi jinsi vilivyo na kuviunganisha kwa hesabu.

Nywele za namna hiyo ndizo zilizotumiwa Australia katika fumbo la mtu wa Somerton. Tarehe 1 Desemba 1948 mwanamume alikutwa amekufa ufukweni Somerton Park, karibu na Adelaide, amevaa suti, lebo za nguo zimeondolewa, na katika kijimfuko cha suruali mna kipande cha karatasi kilichochanwa kutoka kitabu cha mashairi ya Omar Khayyam. Kwa zaidi ya miaka 70 watu walisema ni jasusi, ni mpenzi aliyeachwa, ni mtu aliyelishwa sumu isiyojulikana. Polisi waliufukua mwili Mei 2021. Lakini Derek Abbott, profesa wa Chuo Kikuu cha Adelaide, alikuwa tayari na nywele zilizonasa kwenye sanamu ya plasta ya kichwa cha marehemu, iliyotengenezwa kabla ya mazishi. Yeye na Fitzpatrick walijenga ukoo wa watu zaidi ya 4,000, na Julai 2022 wakatangaza kwamba mtu huyo ni Carl Webb, fundi wa umeme na vyombo aliyezaliwa 1905 katika kitongoji cha Melbourne. Polisi hawakulithibitisha jina hilo wakati ule. Tangazo lilikuwa la watafiti. Jina likiwa sahihi, ujasusi wote umeyeyuka na kubaki fundi aliyekuwa ametengana na mkewe.

Kesi ya mtoto wa Philadelphia inaonyesha jinsi karatasi na vinasaba vinavyosaidiana hadi mwisho. Februari 1957 mwili wa mvulana mdogo uliopigwa ulikutwa ndani ya boksi katika kichaka cha Fox Chase. Mabango yenye sura yake yalisambazwa mji mzima, hakuna aliyejitokeza. Mwili ulifukuliwa 1998, kisha tena 2019, na vinasaba vilivyopatikana vilikuwa vibovu kiasi kwamba ilichukua zaidi ya miaka miwili kuvifanya visomeke. Jamaa waliopatikana waliongoza kwa upande wa mama. Wapelelezi wakaomba amri ya mahakama ili waone hati za watoto wote aliowazaa mwanamke huyo, wakakuta mtoto mmoja asiye na habari yoyote baada ya kuzaliwa. Cheti kilitaja baba, na ukoo wa baba ukalingana na vinasaba. Desemba 2022 polisi walimtaja: Joseph Augustus Zarelli, aliyezaliwa tarehe 13 Januari 1953. Swali la nani alimuua halikujibiwa na vinasaba, wala haliwezi kujibiwa navyo. Jina hufungua upelelezi, haliumalizi.

Kwa kanuni, jina linalotolewa na watafiti wa nasaba si ushahidi bali ni dokezo. Polisi au ofisi ya uchunguzi wa vifo humwendea jamaa wa karibu aliye hai, humwomba sampuli, na kipimo cha kawaida cha undugu ndicho kinachotia muhuri. Sera ya muda iliyotolewa na Wizara ya Sheria ya Marekani Septemba 2019 iliweka hivyo wazi, ikataka pia njia nyingine zijaribiwe kwanza.

Ugomvi mkubwa umekuwa juu ya hifadhi zenyewe. Kampuni kubwa za kupima asili, Ancestry na 23andMe, haziruhusu polisi kupakia sampuli. Zilizobaki wazi kwa polisi ni GEDmatch, iliyoanzishwa 2010 na Curtis Rogers na John Olson kama tovuti ya wapenzi wa nasaba, na FamilyTreeDNA ya Houston. Watu waliopakia vinasaba vyao huko kabla ya 2018 hawakuambiwa kwamba siku moja watamfikisha binamu yao mahakamani. Mwaka 2019, baada ya GEDmatch kuwaruhusu polisi wa Utah kuitumia katika kesi ya shambulio lililotokea kanisani, kesi ambayo haikuwa ya mauaji wala ubakaji, malalamiko yalikuwa makali hata kila mtumiaji akatolewa kwanza, akaachiwa mwenyewe aamue kurudi. Hifadhi iliyokuwa na watu zaidi ya milioni ikabaki karibu tupu kwa polisi. Baadaye maiti wasiojulikana walitengwa na wahalifu: mtu anaweza kukataa vinasaba vyake visitumike kumsaka mshukiwa, na bado vikatumika kumtambua marehemu. Mgawanyo huo una busara. Mshukiwa ana haki za kulindwa. Maiti asiye na jina ana ndugu wanaomtafuta, au walau wenye haki ya kujua.

Walakini si kila ndugu hutaka ulimwengu ujue. Septemba 2001 kijana mmoja alijiua katika moteli ya Amanda Park, jimbo la Washington, akiwa amejiandikisha kwa jina la Lyle Stevik, lililofanana na la mhusika katika riwaya ya Joyce Carol Oates. Alipotambuliwa 2018, familia yake ilisema ilidhani yu hai na kwamba hataki tu mawasiliano, ikaomba jina lake halisi lisitangazwe. Halijatangazwa na ofisi iliyohusika. Kesi hiyo ilikuwa ngumu pia kwa sababu ya kitaalamu: asili yake ilikuwa New Mexico ya kaskazini, ambako familia chache zilioana wenyewe kwa wenyewe kwa karne kadhaa. Katika jamii kama hiyo watu wawili hushirikiana vinasaba kupitia wazee wengi kwa wakati mmoja, na jamaa wa mbali sana huonekana kama binamu wa karibu.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote ni kwamba hifadhi hizi hazina watu wa kila aina. Mwaka 2018 Yaniv Erlich na wenzake walionyesha katika jarida la Science, wakitumia kumbukumbu za watu milioni 1.28, kwamba kiasi cha asilimia 60 ya Wamarekani wenye asili ya Ulaya wangepata humo jamaa wa kiwango cha vitukuu vya ndugu au wa karibu zaidi. Kwa wengine hali si hiyo. Marehemu mwenye asili ya Afrika huwa na jamaa wachache hifadhini, na anayejenga ukoo wake hugonga ukuta wa mwaka 1870, sensa ya kwanza kuwaandika kwa majina watu waliokuwa watumwa. Kabla ya hapo wengi wao waliandikwa bila majina, kwa umri, jinsia na rangi, chini ya jina la mmiliki. Mhamiaji aliyekufa kwa kiu katika jangwa la Arizona ana jamaa Guatemala au Honduras ambao hawajawahi kuona kifaa cha kupimia mate. Hivyo ufundi unaosifiwa kwa kuwarudishia majina wasio na majina umeanza na wale ambao binamu zao walikuwa na fedha na muda wa kutafuta asili zao.

Afrika Mashariki iko upande huo wa pili. Nchini Tanzania na Kenya vinasaba hupimwa na Mkemia wa Serikali, na Tanzania ina sheria mahususi ya vinasaba vya binadamu tangu 2009. Lakini kinachofanyika ni ulinganisho wa moja kwa moja, mwili kwa ndugu aliyejitokeza. Shakahola, katika kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilionyesha mpaka wa njia hiyo. Kuanzia Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ya waumini, wengi wao waliofunga hadi kufa, ilifukuliwa kutoka makaburi ya kina kifupi msituni, na miili ya kwanza iliyotambuliwa ilikabidhiwa kwa familia Machi 2024. Wengi hawakuwa na mtu wa kulinganishwa naye. Mahali ambapo baba, mama na watoto wamekufa pamoja, aliyebaki kutoa sampuli ni shangazi, mjomba au bibi, na alama 20 za kawaida huwa dhaifu mno kwa ujamaa wa namna hiyo. Vipimo vya sehemu laki kadhaa vingemtambua mjukuu kwa bibi bila taabu, hata pasipokuwa na hifadhi yoyote ya taifa, ilimradi bibi mwenyewe aje.

Nasaba ya karatasi, kwa upande wake, isingefuatika hapa kwa mtindo wa Marekani. Jina la tatu la mtu mara nyingi ni la babu yake, na kizazi kinachofuata huliacha. Ndugu wa baba mmoja wanaweza kuwa na mama watatu katika nyumba tatu. Vyeti vya kuzaliwa vya waliozaliwa vijijini kabla ya miaka ya 1980 ni vichache. Pwani, ndoa za binamu zingeleta mkanganyiko uleule wa New Mexico. Kinachoweza kujaza pengo ni kumbukumbu za midomoni: wazee wanaoweza kuhesabu vizazi saba bila kufungua kitabu, na kusema nani alihamia wapi, akaoa kwa nani. Ushahidi huo hauko katika tovuti yoyote, na hufa na wenyewe.

Kwa sasa hospitali na mochari za umma hutangaza miili isiyodaiwa, husubiri kwa muda uliowekwa, kisha huizika kwa pamoja. Jino moja, au damu iliyokaushwa kwenye karatasi maalumu, inaweza kutunzwa miaka mingi bila friji na kwa gharama ndogo. Ikichukuliwa kabla ya maziko na kuandikwa nambari ya kaburi, ndugu atakayekuja baada ya miaka 20 bado anaweza kujibiwa. Isipochukuliwa, itabidi kaburi lifukuliwe, na katika kaburi la pamoja mifupa ya watu kadhaa huwa imekwisha kuchanganyika.